Kuchochea ubongo kwa maumivu sugu ya neva ya uso: sumaku, sponji au elektrodi?

Ulinganisho huu ni wa mgonjwa, au ndugu anayemuuguza, ambaye ameshafika mbali. Meno mawili matatu yameng'olewa ilhali yalikuwa mazima, kwa sababu maumivu yalidhaniwa ni ya jino. Kabamazepini imeongezwa dozi hadi kichwa kinazunguka. Pengine neva yenyewe imeshachomwa au kupasuliwa, na bado upande mmoja wa uso unawaka usiku na mchana. Sasa daktari bingwa ametaja kuchochea ubongo. Njia zinazozungumziwa ni nne, na zimeachana sana: mbili hazihitaji kisu kabisa, mbili zinafungua fuvu.

Kwanza, maumivu yako ni yapi?

Neva ya trijemina ndiyo inayobeba hisia za uso. Ina matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Maumivu yake huja kwa sura mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama unahitaji kuendelea kusoma.

Sura ya kwanza ni ile ambayo wagonjwa huiita shoti ya umeme. Inapiga ghafla, inadumu kuanzia chini ya sekunde moja hadi dakika mbili, na huamshwa na jambo dogo tu: mswaki, tonge la kwanza, upepo wa dirisha la daladala, maji ya kutawadha. Kati ya shoti moja na nyingine mtu anaweza kuwa hana shida yoyote. Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoibana neva pale inapochomoza kwenye shina la ubongo. Kwa maumivu haya kuchochea ubongo si hatua ya kwanza wala ya pili. Kabamazepini imekuwa ikitumika tangu 1962 na bado ndiyo dawa ya mwanzo. Ikishindwa au ikileta madhara, ipo oksikabazepini. Kisha upo upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva, ambao Peter Jannetta aliusambaza nchini Marekani, na zipo njia za sindano, ambazo huidhoofisha neva kwa joto, kwa dawa ya gliseroli au kwa kuibana na puto. Ipo pia mionzi inayolenga neva. Kama hujapigwa MRI na hujakaa na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kujadili hayo, nakuomba uanzie hapo. MRI hiyo pia ndiyo itakayoonyesha kama kuna uvimbe au ugonjwa mwingine unaoiumiza neva.

Sura ya pili ni moto usiozimika. Unachoma, unavuta, unauma kama kidonda, na mara nyingi eneo hilohilo lina ganzi. Hutokea neva ikiwa imejeruhiwa: kwa ajali, kwa upasuaji wa meno au sinasi, kwa mkanda wa jeshi uliopita usoni, au kwa kiharusi kilichogusa njia za hisia ndani ya ubongo. Wakati mwingine hutokana na matibabu yenyewe, neva ikichomwa kupita kiasi: sehemu inakufa ganzi kabisa, ukiigusa kidole hakihisiwi, lakini inauma. Mtu wa namna hii akichomwa neva tena anaweza kuzidishiwa mateso. Hawa ndio ambao njia nne zilizo hapa chini zinawalenga.

Kuna maumivu ya tatu yanayofanana na haya. Kama yanakaa nyuma ya jicho moja kwa robo saa hadi saa tatu, jicho linatoa machozi, pua ya upande huo inaziba au inatiririka, na mgonjwa hawezi kutulia kitandani, mwulize daktari kuhusu maumivu ya kichwa ya vishada (cluster headache). Huo ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeitazama kwa mambo matano yaleyale: kinachofanyika mwilini, ushahidi uliopo kwa maumivu ya uso, hatari, muda ambao unafuu hukaa, na mzigo unaobaki baada ya kurudi nyumbani. La mwisho hilo huachwa nje ya mazungumzo mengi ya kliniki, nami nalipa uzito mkubwa.

Neno moja kuhusu matarajio. Katika tafiti hizi mgonjwa huhesabiwa kuwa amefaulu maumivu yakipungua kwa theluthi moja au nusu. Aliyekuwa na 9 kati ya 10 akashuka hadi 5 amefaulu, na mara nyingi mwenyewe husema amerudishiwa maisha, kwa kuwa analala na anakula. Anayetafuta sifuri atavunjika moyo kwa njia yoyote kati ya hizi.

Sumaku kutoka nje (rTMS)

*Kinachofanyika.* Unakaa kwenye kiti, umeziba masikio kwa sababu mashine inagonga kwa sauti kali. Koili yenye umbo la namba nane huwekwa juu ya kichwa, upande ulio kinyume na upande unaouma. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 1985 kwamba sumaku inayobadilika kwa kasi inaweza kuamsha ubongo kupitia fuvu zima. Kwa maumivu, mapigo 10 au 20 kwa sekunde hulengwa kwenye gamba la ubongo linaloendesha misuli, kwa nguvu iliyo chini kidogo ya ile inayotikisa kidole. Kikao ni cha dakika chache hadi nusu saa, kisha unatembea kwenda nyumbani.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa maumivu ya uso, koili mara nyingi huelekezwa sehemu ya mkono. Sehemu hizo mbili ni majirani kwenye gamba la ubongo, na timu ya Jean-Pascal Lefaucheur nchini Ufaransa iliona kuwa unafuu unaweza kuwa bora ukichochea jirani kuliko ukichochea eneo lenyewe la uso.

*Ushahidi.* Hapa Afrika ina mchango wake. Mwaka 2005 Eman Khedr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Assiut, Misri, walichapisha utafiti wa wagonjwa 48 ambao dawa ziliwashinda: 24 wa neva ya trijemina na 24 wa maumivu ya baada ya kiharusi. Katika kila kundi 14 walipata sumaku ya kweli na waliobaki wakapata ya kuigiza, dakika kumi kwa siku, siku tano mfululizo. Waliopata ya kweli walipungukiwa maumivu, na wiki mbili baadaye unafuu ulikuwa bado upo. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2014, uliohuishwa 2020, uliipa njia hii daraja la juu la ushahidi kwa maumivu ya neva kwa jumla. Mwaka 2021 utafiti wa vituo kadhaa vya Ufaransa, wenye wagonjwa 149 wa maumivu ya neva ya sehemu mbalimbali za mwili, ulionyesha kwamba vikao vinavyorudiwa kwa miezi vinaweza kuendeleza unafuu.

Utafiti huohuo una onyo. Kundi moja lilichochewa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotumika kutibu sonona, na halikuwashinda waliopata matibabu ya kuigiza. Kwa hiyo ukipata kliniki ya magonjwa ya akili yenye mashine hii, usifurahi kabla ya kuuliza: je, wanajua kulenga gamba la misuli kwa ajili ya maumivu? Mashine inaweza kuwa ileile huku matibabu ni mengine.

*Hatari.* Kichwa kuuma, ngozi ya kichwa kuchomachoma, misuli ya uso kurukaruka wakati wa kikao. Kifafa kinaweza kutokea ila ni nadra sana. Mwenye chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au historia ya kifafa lazima aseme mapema. Sema pia kama unatumia tramadoli au amitriptilini, maana zote mbili zinaweza kuufanya ubongo uwe mwepesi kupatwa na kifafa.

*Muda na mzigo.* Kikao kimoja huisha nguvu baada ya siku chache. Vikao vya kila siku kwa wiki moja au mbili hutoa wiki kadhaa, kisha inabidi urudi. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Anayeishi Songea na mashine iko mji mwingine atatumia fedha nyingi zaidi kwa nauli na malazi.

*Inamfaa* asiyetaka au asiyeweza kupasuliwa, anayeishi karibu na kituo, na anayefikiria upasuaji lakini anataka kujua kwanza ubongo wake utaitikia vipi. Aliyeitikia sumaku vizuri ana nafasi nzuri zaidi ya kufaidika na elektrodi ya juu ya gamba. Lakini aliyeshindwa na sumaku hajafungiwa mlango, kwani wapo waliofaulu kwa upasuaji licha ya hilo.

Umeme hafifu wa sponji (tDCS)

Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani, na umeme wa miliampea 1 hadi 2 hupitishwa kwa dakika 20 hivi. Umeme huo ni mdogo mno hata haumtikisi mtu kidole; hubadilisha kidogo tu utayari wa seli za ubongo. Ushahidi wake kwa maumivu ya uso ni mwembamba kuliko wa sumaku, na tafiti nyingi ni ndogo. Hatari ni ndogo pia: mwasho, wekundu, na jeraha la moto pale sponji inapokauka. Unafuu, ukija, hauendi mbali bila vikao vya kurudia. Mzigo ndio mwepesi kuliko wote. Kifaa ni kidogo, bei yake iko chini sana ya mashine ya sumaku, na mgonjwa aliyefundishwa anaweza kukitumia nyumbani chini ya uangalizi wa kliniki.

Inamfaa mwenye subira, aliye mbali na hospitali kubwa, mwenye mtaalamu anayemfuatilia hata kwa simu. Haimfai aliye katika kilele cha mateso anayehitaji jibu la haraka. Vifaa vya kuungaunga kwa betri na nyaya vinavyoonyeshwa mitandaoni viacheni kabisa. Ubongo wa mtu si mahali pa kubahatisha.

Elektrodi juu ya gamba la ubongo

*Kinachofanyika.* Huu ni upasuaji. Fuvu hufunguliwa kwa dirisha dogo, na elektrodi bapa, yaani kipande chenye ncha za kupitisha umeme, hulazwa juu ya utando mgumu unaofunika ubongo, mkabala na gamba la misuli. Ubongo wenyewe hautobolewi. Waya hupita chini ya ngozi hadi kwenye kifaa chenye betri kilichozikwa kifuani, chini ya mtulinga. Vituo vingi hujaribu kwanza kwa siku kadhaa waya ukiwa nje, na kifaa huzikwa pale tu maumivu yanapopungua.

Uso una bahati hapa. Ramani ya gamba la misuli ambayo Wilder Penfield na wenzake waliichora kule Montreal inaonyesha uso na mkono vimechukua eneo pana upande wa nje wa ubongo, panapofikika, ilhali mguu umejificha ndani ya mwanya unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wa maumivu ya uso wamekuwa mstari wa mbele katika njia hii.

*Ushahidi.* Takashi Tsubokawa na timu yake nchini Japani waliitangaza mwaka 1991 kwa maumivu ya baada ya kiharusi. Miaka miwili baadaye Björn Meyerson na wenzake huko Stockholm waliona kuwa waliofaidika zaidi ni wenye neva ya uso iliyojeruhiwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2009 yalikuta matokeo mazuri kwa asilimia 68 ya wagonjwa 44 wa neva ya trijemina, yaani zaidi ya wenye maumivu yanayoanzia ndani ya ubongo. Ila tafiti nyingi zilizojumlishwa humo hazikuwa na kundi la kulinganisha, na majaribio ambayo mgonjwa hakujua kama kifaa kimewashwa yametoa majibu yanayopingana. Jaribio la namna hiyo linawezekana kwa sababu kifaa kikiwa kinafanya kazi mgonjwa hahisi chochote. Mwongozo wa Ulaya wa 2016 uliipendekeza kwa sauti ya chini tu.

*Hatari.* Mapitio hayohayo ya 2009 yalitaja kifafa cha siku za mwanzo kwa takriban asilimia 12, maambukizi karibu asilimia 6, na waya au kifaa kuharibika karibu asilimia 5. Kifafa hutokea zaidi wakati wa kupima na kupandisha nguvu ya umeme, mgonjwa akiwa bado mikononi mwa madaktari. Damu kuvuja juu ya utando hutokea mara chache, lakini ni dharura.

*Muda na mzigo.* Unafuu unaweza kudumu miaka, na unaweza pia kufifia baada ya miezi. Ukififia, mara nyingi kinachohitajika ni kubadilisha mpangilio wa umeme: ncha ipi iwashwe, mapigo mangapi kwa sekunde, nguvu kiasi gani. Kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta ndogo ya kampuni iliyotengeneza kifaa, na mtu aliyefunzwa kuitumia. Betri isiyochajiwa hudumu miaka michache, kisha kifua kinafunguliwa tena. Kipimo cha MRI huhitaji tahadhari. Mashine ya joto ya chumba cha fiziotherapia, ile ya mawimbi ya redio, ni marufuku maisha yako yote, kwa hiyo tembea na kadi ya kifaa na mwambie kila anayekutibu.

*Inamfaa* mwenye maumivu ya kudumu ya neva iliyojeruhiwa, mwenye ganzi inayouma, aliyejaribu dawa kwa dozi kamili, na hasa aliyeitikia sumaku. Awe na afya ya kuhimili upasuaji, na njia ya uhakika ya kurudi kwa marekebisho.

Elektrodi ndani ya ubongo

*Kinachofanyika.* Elektrodi nyembamba husukumwa ndani kabisa, kwa kulengwa na picha, hadi kwenye kituo cha hisia za uso katika thalamasi (sehemu ya katikati ya ubongo inayopokea na kupeleka hisia), au kwenye eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa katikati ya ubongo, ambako mwili una dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu. Waya na betri ni kama vya njia iliyotangulia.

*Ushahidi.* Ni njia ya zamani kuliko ile ya gamba. Mwaka 1973 Yoshio Hosobuchi na wenzake huko Marekani waliripoti kuchochea thalamasi kwa watu wenye uso uliokufa ganzi na bado unauma, mateso yaleyale tuliyoyataja mwanzoni. Baadaye njia ikaenea, kisha majaribio mawili makubwa ya Marekani, yaliyochapishwa pamoja 2001, hayakufikia lengo lililowekwa, na huko haikupata kibali rasmi cha kutibu maumivu. Uingereza ilichukua msimamo tofauti: mwongozo wa 2011 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya matibabu, unairuhusu kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, isipokuwa wenye maumivu ya kichwa, huku ukisisitiza hatari zake.

*Hatari.* Hapa sindano inapita ndani ya ubongo. Damu kuvuja ndani hutokea kwa wachache, mtu mmoja hadi watatu kati ya mia katika ripoti nyingi, lakini anayepatwa anaweza kubaki na ulemavu au kufa. Maambukizi na kukatika kwa waya vipo pia.

*Muda na mzigo.* Wapo wanaopata miaka mingi ya nafuu, na wapo ambao ubongo wao huzoea umeme hadi nguvu inaisha. Thalamasi ikichochewa mgonjwa huhisi mchonyoto mwepesi usoni. Wengine huupenda kwa kuwa unachukua nafasi ya moto, wengine hawauvumilii. Marekebisho na betri ni yaleyale.

*Inamfaa* mtu ambaye njia nyingine zimegoma, aliye mikononi mwa timu inayofanya upasuaji huu kwa maumivu mara kwa mara. Timu yenye uzoefu wa ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka) pekee ina ustadi wa kuweka elektrodi, lakini kuchagua mgonjwa wa maumivu ni elimu nyingine.

Nani atakuwa karibu nawe mwaka ujao?

Kwa wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, njia mbili za mwisho humaanisha safari, mara nyingi ya India, na familia nzima kuchanga. Bei inayotajwa kwa simu ni ya upasuaji. Haitaji safari ya pili ya marekebisho, wala betri ya miaka ijayo, wala siku kidonda cha kifuani kitakapoanza kutoa usaha ukiwa nyumbani. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: kifaa ni cha kampuni gani, na ni nani Nairobi au Dar es Salaam anayeweza kukisoma na kukirekebisha? Kama jibu ni hakuna, elektrodi nzuri inaweza kukaa kifuani bila kazi, na hilo ni jambo la kuhuzunisha sana baada ya michango yote hiyo.

Kwa hali yako

Kama maumivu ni shoti fupi na uso hauna ganzi, rudi kwenye dawa na upasuaji wa mshipa. Njia zote nne zisubiri.

Kama ni moto wa kudumu baada ya jeraha, mkanda wa jeshi au kiharusi, na kituo cha sumaku kinafikika, anza na sumaku. Haikuachii kovu, na jibu lake litakusaidia hata ukiamua kupasuliwa.

Kama ni moto huohuo na uko mbali na kila kitu, uliza kuhusu sponji chini ya uangalizi, huku dawa za maumivu ya neva zikipangwa upya. Wengi huambiwa dawa zimeshindwa kabla hazijafika dozi inayotosha.

Kama sumaku ilikusaidia lakini inaisha kila baada ya wiki chache na umechoka kwenda na kurudi, hapo elektrodi ya juu ya gamba inastahili mazungumzo ya kweli, pamoja na siku za majaribio kabla ya kuzika kifaa.

Kama una ganzi inayouma na mtu anapendekeza kuchoma neva tena, omba maoni ya daktari wa pili kwanza.

Kama una kifafa, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kinga yako ya mwili ni dhaifu, yaseme siku ya kwanza, kwani yanaweza kubadilisha mpangilio wote.

Na wakati unasubiri rufaa, usiache kabamazepini ghafla hata kama inaonekana haifanyi kazi, kwani kuikatiza kunaweza kuleta kifafa. Ipunguzwe na daktari, hatua kwa hatua. Kama maumivu yamekufikisha mahali pa kutotaka kuishi, mwambie daktari wako na mtu mmoja wa nyumbani leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Maumivu haya yamewafikisha wengi hapo, na sonona inayokuja nayo inatibika hata kabla uso haujatulia.